Nestory Irankunda

Nestory Irankunda (amezaliwa Kigoma, Tanzania, 9 Februari 2006) ni mchezaji wa mpira wa miguu wa Australia mwenye asili ya Burundi. Anacheza kama winga. Tangu msimu wa 2025–26 ni mchezaji wa klabu ya Watford ya Uingereza, na tangu Juni 2024 ni mchezaji wa timu ya taifa ya Australia, inayojulikana kwa jina la Socceroos.

Irankunda alizaliwa katika familia ya wakimbizi waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi, akapelekwa Australia akiwa bado mtoto mchanga. Alifunga goli lake la kwanza katika ligi ya juu ya Australia akiwa na umri wa miaka 15, akasajiliwa na Bayern Munich ya Ujerumani akiwa na miaka 17, na akaichezea timu ya taifa ya wakubwa akiwa na miaka 18.

## Jina

Irankunda ni jina la Kirundi. Linatokana na kitenzi *gukunda*, yaani kupenda, na ni ufupisho wa sentensi *Imana irankunda*, yaani "Mungu ananipenda". Majina ya namna hii, yaliyo sentensi nzima inayomtaja Mungu au hali ya familia wakati mtoto alipozaliwa, ni ya kawaida kwa Warundi na Wanyarwanda. Nestory ni umbo la jina Nestor. Tahajia yenye herufi *y* mwishoni hutumika sana Tanzania.

## Mazingira ya kuzaliwa

### Nyanda za juu za Kigoma

Mkoa wa Kigoma uko magharibi mwa Tanzania, ukipakana na Burundi upande wa kaskazini na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Sehemu kubwa ya kaskazini ya mkoa, yaani wilaya za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, ni nyanda za juu zenye vilima, mvua ya kutosha na mashamba ya mihogo, maharage, mahindi na migomba. Wenyeji wake ni Waha. Lugha yao, Kiha, iko karibu sana na Kirundi, kiasi kwamba Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Kwa hiyo wakimbizi waliovuka mpaka waliingia katika nchi ngeni ambayo lugha yake hawakuiona ngeni.

### Kambi za Kibondo na Kasulu

Warundi walianza kukimbilia Tanzania kwa wingi mwaka 1972, baada ya mauaji makubwa nchini mwao. Wengi wa kundi hilo walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambayo sasa yako katika mikoa ya Tabora na Katavi, wakapewa mashamba ya kulima.

Wimbi la pili lilikuja baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, siku ambayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi. Safari hii wakimbizi waliwekwa katika kambi karibu na mpaka. Upande wa Kibondo zilikuwepo Kanembwa, Mtendeli, Nduta na nyingine. Upande wa Kasulu zilikuwepo Mtabila na Muyovosi. Kambi ya Nyarugusu, pia wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kufikia mwaka 2000 Tanzania ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 500,000, na walio wengi walikuwa Warundi.

Maisha ya kambini yaliongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya eneo la kambi, ambalo kwa kawaida lilihesabiwa kuwa umbali wa kilomita 4, bila kibali. Watoto walisoma na kucheza ndani ya kambi. Mpira ulichezwa sana, lakini kijana mwenye kipaji hakuwa na njia rahisi ya kutoka kwenye uwanja wa kambi na kujiunga na timu ya wilaya au ya mkoa.

### Mwaka 2006

Irankunda alizaliwa wakati hali ilipokuwa ikibadilika. Mkataba wa amani wa Burundi ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na serikali iliyochaguliwa iliingia madarakani mwaka 2005. Kundi la mwisho la waasi, FNL, lilikuwa bado linapigana. Lilitia saini makubaliano ya kusimamisha vita jijini Dar es Salaam Septemba 2006, miezi saba baada ya kuzaliwa kwake.

Familia iliyokuwa kambini wakati huo ilikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kurudi Burundi, na ndiyo iliyofuatwa na wengi: kuanzia mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilisaidia mamia ya maelfu ya watu kurudi makwao, na kambi za Kibondo zikafungwa moja baada ya nyingine. Ya pili ilikuwa kubaki Tanzania. Wakimbizi wa mwaka 1972 walifunguliwa mlango huo, na zaidi ya 160,000 kati yao walipata uraia wa Tanzania, lakini waliokuja baada ya 1993 hawakuhusishwa katika mpango huo. Kambi ya Mtabila, ya mwisho ya kundi lao, ilifungwa Desemba 2012. Njia ya tatu ilikuwa kuhamishiwa nchi nyingine. Hiyo ilikuwa nyembamba kuliko zote: duniani kote, wakimbizi wanaopata nafasi hiyo kila mwaka hawafiki asilimia 1. Australia, mojawapo ya nchi chache zilizopokea watu kwa utaratibu huo, ilikuwa ikitenga nafasi zipatazo 13,000 kwa mwaka kwa ajili ya wakimbizi na watu wengine wenye shida kutoka kila pembe ya dunia.

Familia ya Irankunda ilipata nafasi hiyo ya tatu. Iliondoka Tanzania mtoto akiwa na miezi michache tu.

## Maisha ya awali nchini Australia

Familia ilifikia kwanza Perth, magharibi mwa Australia, kisha ikahamia Adelaide, mji mkuu wa jimbo la Australia Kusini. Irankunda alikulia katika vitongoji vya kaskazini mwa mji huo, ambako familia nyingi za wahamiaji kutoka Afrika zimeweka makazi.

Katika nchi hiyo mpira wa miguu si mchezo unaoongoza kwa umaarufu. Kandanda ya Kiaustralia, raga na kriketi huvuta watazamaji wengi zaidi. Hata hivyo, mpira wa miguu umekuwa mchezo wa wahamiaji kwa muda mrefu. Klabu nyingi za mitaani ziliundwa na Wakroatia, Wagiriki, Waitalia na wengineo waliofika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Irankunda alipita katika klabu ya aina hiyo, Adelaide Croatia Raiders, iliyoanzishwa na jumuiya ya Wakroatia. Mwaka 2021 alijiunga na timu ya vijana ya Adelaide United, klabu pekee ya jimbo hilo katika ligi ya juu ya nchi, A-League.

## Maisha ya klabu

### Adelaide United

Kocha wa Adelaide United, Carl Veart, alikuwa na desturi ya kuwapa vijana nafasi katika timu ya wakubwa. Januari 2022, akiwa bado na umri wa miaka 15, Irankunda aliingia kama mchezaji wa akiba katika mechi dhidi ya Newcastle Jets na kufunga kwa mpira wa adhabu. Goli hilo lilimweka miongoni mwa wafungaji wadogo kabisa katika historia ya A-League.

Katika msimu wa 2022–23 alitumiwa hasa kama mchezaji wa kuingia kipindi cha pili, mabeki wa timu pinzani wakiwa wameshachoka. Adelaide United ilimaliza msimu huo katika nafasi ya 3 na kufika nusu fainali ya mchujo wa ubingwa, ambako ilitolewa na Central Coast Mariners.

Novemba 2023 ilitangazwa kwamba Bayern Munich imekubaliana na Adelaide United kumnunua. Kwa kuwa kanuni za kimataifa haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka bara moja hadi jingine isipokuwa kwa masharti maalumu, ilibidi abaki Adelaide hadi mwisho wa msimu. Vyombo vya habari vya Australia viliripoti kwamba ada ya uhamisho huo ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa mchezaji wa A-League.

Msimu huo wa mwisho ulikuwa bora kwake kuliko kwa timu, ambayo haikufika hatua ya mchujo. Mwaka 2024 alifunga magoli matatu katika mechi moja dhidi ya Western United, akawa mchezaji mdogo kuliko wote kufanya hivyo katika ligi hiyo.

### Bayern Munich na Grasshopper

Irankunda alijiunga na Bayern Munich Julai 2024. Alifanya mazoezi na timu ya kwanza chini ya kocha Vincent Kompany na kucheza mechi za kirafiki za maandalizi ya msimu. Ligi ilipoanza, alipelekwa katika timu ya pili ya klabu hiyo, Bayern Munich II, inayoshiriki Regionalliga Bayern, ligi ya daraja la nne nchini Ujerumani. Hakupata kucheza mechi yoyote ya mashindano katika timu ya kwanza.

Hali hiyo si ya ajabu kwa vijana wanaosajiliwa na klabu kubwa za Ulaya. Klabu kama Bayern hununua wachezaji wengi wenye umri mdogo, huku nafasi za kucheza zikiwa chache na zikishikiliwa na wachezaji waliokwisha kukomaa. Kijana aliyekuwa akicheza mbele ya maelfu ya watu nyumbani hujikuta katika viwanja vidogo vya daraja la chini. Njia ya kawaida ya kutoka hapo ni mkopo.

Januari 2025 Bayern ilimtoa kwa mkopo kwa Grasshopper Club ya Zürich, Uswisi. Grasshopper ndiyo klabu yenye mataji mengi zaidi ya ligi ya Uswisi, 27, lakini wakati huo ilikuwa ikipambana isishuke daraja. Iliponea katika mchujo wa mwisho wa msimu dhidi ya Aarau.

### Watford

Kabla ya msimu wa 2025–26 Irankunda aliondoka Bayern moja kwa moja na kujiunga na Watford, inayocheza Championship, ligi ya daraja la pili nchini Uingereza. Kwa jina, alihama kutoka klabu kubwa kwenda klabu ndogo. Kwa upande wa soka lenyewe, alipata kile alichokikosa Munich: mechi za kila wiki dhidi ya watu wazima, katika ligi yenye timu 24 na mechi 46 kwa msimu.

## Timu ya taifa

### Timu za vijana

Mwaka 2023 Irankunda alikuwa katika kikosi cha Australia cha vijana wa chini ya miaka 17 kilichoshiriki Kombe la Asia nchini Thailand. Australia, ambayo tangu mwaka 2006 ni mwanachama wa Shirikisho la Soka la Asia, ilifika robo fainali na kutolewa na Japani.

### Socceroos

Kocha Graham Arnold alimwita katika timu ya wakubwa kwa ajili ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia za Juni 2024. Alicheza kwa mara ya kwanza jijini Dhaka tarehe 6 Juni, Australia ilipoifunga Bangladesh 2–0. Siku tano baadaye, tarehe 11 Juni, alifunga goli lake la kwanza kwa mkwaju wa penalti katika ushindi wa 5–0 dhidi ya Palestina. Mechi hiyo ilichezwa Perth, mji ambao familia yake ilifikia kwanza ilipotoka Tanzania miaka 18 kabla.

Septemba 2024 Arnold alijiuzulu, na Tony Popovic akachukua nafasi yake. Kipindi ambacho Irankunda hakuwa akipata nafasi Munich kilimgharimu pia upande wa timu ya taifa, akaachwa nje ya kikosi kwa muda. Australia ilifuzu Kombe la Dunia la 2026 mwezi Juni 2025. Baada ya kuhamia Watford alirudi kikosini, na Oktoba 2025 alifunga goli pekee la mechi ya kirafiki ambayo Australia iliishinda Kanada 1–0 jijini Montréal.

## Uraia na haki ya kuchezea timu ya taifa

Wasomaji wa Afrika Mashariki huuliza mara kwa mara kwa nini mchezaji aliyezaliwa Kigoma haichezei Tanzania, au kwa nini mwana wa Warundi haichezei Burundi. Jibu liko katika sheria za uraia na kanuni za FIFA.

Kanuni ya msingi ya FIFA ni kwamba mchezaji lazima awe raia wa nchi anayoiwakilisha. Kuzaliwa katika nchi hakutoshi kama hakukumpa uraia. Tanzania, kwa utaratibu unaofuatwa, humsajili mtoto wa wakimbizi kama mkimbizi aliye chini ya wazazi wake, na si kama raia. Kwa hiyo Irankunda, ingawa alizaliwa katika ardhi ya Tanzania, hakuondoka nchini akiwa Mtanzania.

Kwa Burundi hali ni tofauti. Sheria yake humtambua kuwa raia mtoto wa baba Mrundi popote anapozaliwa, na kwa hiyo mlango huo haukuwa umefungwa kwake.

Kwa Australia, uraia wake ulitokana na kuhamia huko. FIFA humtaka mchezaji aliyepata uraia mpya awe ameishi nchini humo kwa muda fulani: waliofika kabla ya kutimiza miaka 10 hutakiwa kuwa wamekaa angalau miaka 3. Kwa mtu aliyefika akiwa mchanga, sharti hilo lilikuwa limekwisha kutimizwa zamani.

## Mtindo wa uchezaji

Irankunda hutumia zaidi mguu wa kulia na anaweza kucheza winga ya pande zote mbili. Sifa zake kuu ni kasi, kumkabili beki ana kwa ana, na mashuti mazito ya mbali, hasa ya mipira ya adhabu. Wachambuzi wamemkosoa kwa upande wa kusaidia ulinzi na wa kuchagua wakati wa kupiga na wakati wa kutoa pasi, mambo ambayo winga mdogo hujifunza kwa kucheza mara kwa mara.

## Wachezaji wengine wenye historia kama hii

Irankunda si wa kwanza kutoka kambi za wakimbizi hadi Socceroos. Awer Mabil alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, katika familia ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Naye alikulia Adelaide na kuanzia Adelaide United. Tarehe 13 Juni 2022 alifunga mmoja wa mikwaju ya penalti iliyoipeleka Australia katika Kombe la Dunia la Qatar, katika mechi dhidi ya Peru. Thomas Deng, aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi wa Sudan Kusini, aliichezea Australia kwa mara ya kwanza siku moja na Mabil, Oktoba 2018 dhidi ya Kuwait. Mohamed Touré, aliyezaliwa Guinea kwa wazazi wakimbizi wa Liberia, alipita pia Adelaide United na kufunga katika A-League akiwa na miaka 15.

Wote hawa walifika Australia wakiwa watoto. Vipaji vyao vilionekana na kulelewa huko, katika shule, klabu za mitaani na timu za vijana zenye makocha na ratiba ya mashindano.

## Kambi za Kigoma baada ya 2006

Mwaka 2015 mgogoro wa kisiasa nchini Burundi uliwaleta tena wakimbizi wengi Kigoma. Wengi walifikia kijiji cha Kagunga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, wakasafirishwa kwa meli, ikiwemo MV Liemba, hadi Kigoma mjini. Uwanja wa Lake Tanganyika, unaotumika kwa mechi za mpira, uligeuzwa kituo cha kuwapokea kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Nyarugusu ilipojaa, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli, ambayo sasa iko wilaya ya Kakonko, Januari 2016. Mtendeli ilifungwa tena mwaka 2021 na wakazi wake kuhamishiwa Nduta.

Watoto waliozaliwa katika kambi hizo baada ya 2015 wamekutana na njia zilezile tatu: kurudi, kubaki au kuhamishwa. Idadi ya nafasi za kuhamishiwa nchi nyingine imeendelea kuwa ndogo.

## Mfuatano wa matukio

- 9 Februari 2006: anazaliwa Kigoma, Tanzania
- 2006: familia inahamia Australia
- 2021: anajiunga na timu ya vijana ya Adelaide United
- Januari 2022: goli la kwanza katika A-League, dhidi ya Newcastle Jets
- Juni 2023: Kombe la Asia la chini ya miaka 17, Thailand
- Novemba 2023: makubaliano ya kwenda Bayern Munich yanatangazwa
- 6 Juni 2024: mechi ya kwanza ya timu ya taifa, dhidi ya Bangladesh
- 11 Juni 2024: goli la kwanza la timu ya taifa, dhidi ya Palestina
- Julai 2024: anajiunga na Bayern Munich
- Januari 2025: anakwenda Grasshopper kwa mkopo
- 2025: anajiunga na Watford
- Oktoba 2025: anafunga goli la ushindi dhidi ya Kanada